Waya wa Nne na Waya wa Tano: Nyutro na Ardhi kwenye Umeme wa Njia Tatu

Umeme wa njia tatu unaposhuka kutoka kwenye nguzo ya TANESCO, iwe Sirari, Nyamongo au Mugumu mkoani Mara, kwa kawaida huja na nyaya nne: tatu za moto na moja ya nyutro. Kati ya nyaya mbili zozote za moto kuna volti 400. Kati ya waya mmoja wa moto na nyutro kuna volti 230. Fundi akifika kufunga mashine hudai waya wa tano, wa ardhi, pamoja na nondo ya kuchimbia chini, na hapo ndipo swali linapozuka: shirika limeleta nyaya nne, huu wa tano ni wa nini?

Wanaouliza ni wenye mashine za kusaga na kukoboa, wenye makarasha ya mawe ya dhahabu, wachomeleaji wa mageti na wenye nyumba za wageni. Wengi wao huishia kuambiwa kuwa nyutro na ardhi ni kitu kimoja. Si kimoja. Nyutro hubeba umeme kila siku mashine zinapofanya kazi. Ardhi haibebi kitu siku ya kawaida. Inangoja siku waya wa moto utakapogusa bodi la mashine. Mwenye kuzichanganya kazi hizo mbili huweza kukaa miaka mingi bila kuona kosa, mpaka siku moja mtu ashike mashine asiweze kuiachia.

Kazi ya nyutro

Njia tatu zikibeba mzigo ulio sawa, mikondo yake hufutana na nyutro hubaki karibu tupu. Mota ya njia tatu ya kusagia mahindi haihitaji nyutro ili izunguke. Vinavyoihitaji ni taa, soketi, na mara nyingi koili ya kontakta ndani ya stata. Katika jengo lenye maduka, saluni na vyumba vya kupanga, mzigo wa njia tatu hauwi sawa hata kwa dakika moja, na tofauti yote hurudi kwa nyutro.

Nyutro ikikatika ndipo thamani yake huonekana. Tuseme njia ya kwanza ina hita ya maji ya saluni ya wati 2,000, njia ya pili ina televisheni na friji dogo, jumla wati 200, na njia ya tatu haina mzigo. Nyutro ikichomoka kwenye mein swichi, mizigo hiyo miwili hubaki imefungwa mmoja nyuma ya mwingine kati ya volti 400. Hita, kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo, hubaki na volti 36 hivi. Televisheni na friji hupokea volti 364. Mkondo unaopita ni ampea 1.4 tu, kwa hiyo hakuna sakiti breka inayokata. Friji linaungua huku kila swichi ikiwa imekaa juu kana kwamba mambo ni shwari.

Dalili za nyutro iliyolegea au kukatika:

- taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi huku za upande mwingine zikififia;
- mwanga unapanda na kushuka kila kifaa kikubwa kinapowashwa upande wa jirani;
- chaja, redio na taa za LED zinaungua kadhaa kwa siku moja.

Ikionekana dalili yoyote kati ya hizo, mein swichi izimwe mara moja. Kuchomoa vifaa kimoja kimoja hakusaidii: kila kinachochomolewa hubadilisha mgawanyo wa volti, na kinachobaki huweza kupata nyingi zaidi. Hitilafu ikiwa upande wa mita au nguzo, ni kazi ya TANESCO peke yake, na fundi wa mtaani hana ruhusa ya kuvunja sili.

Kwenye ufungaji wa nyutro, haya hayana mjadala:

- Nyutro haiwekewi fyuzi wala swichi yake peke yake. Inakatwa tu na swichi ya nguzo nne, ile inayofungua njia zote tatu na nyutro kwa pamoja.
- Unene wake usipungue ule wa nyaya za moto. Zamani mafundi walizoea kuupunguza. Siku hizi majengo yamejaa taa za LED, kompyuta na inveta, na vifaa hivyo hutoa mikondo isiyofutana; hujumlika yote kwenye nyutro na kuipasha moto.
- Nyaya za nguzoni ni za alumini na za ndani ni za shaba. Kuzisokota pamoja na kuzungushia tepu ni kualika kutu. Kiungio kiwe kile kilichotengenezwa kwa metali hizo mbili.
- Kila saketi iwe na nyutro yake. Kuazima nyutro ya saketi nyingine ili kuokoa mita kumi za waya ni kosa ambalo fundi atakayefuata atalipia kwa mshtuko.

Kazi ya ardhi, na kwa nini nondo peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo watu hufa.

Mashine ya kusaga hutetemeka kutwa nzima. Baada ya muda waya wa moto unaweza kusuguana na ukingo wa boksi la mota hadi plastiki ikaisha, na shaba ikagusa chuma. Bodi la mashine sasa lina umeme. Kama limefungwa kwenye nondo iliyochimbiwa nje, umeme hushuka kwenye nondo hiyo, hupita udongoni, na kurudi kwenye nondo ya transfoma ya TANESCO, ambako nyutro imeunganishwa na ardhi. Mzunguko umekamilika. Je, sakiti breka itakata?

Hesabu ni fupi. Tuseme nondo ya mteja ina ukinzani wa omu 20 na ya transfoma omu 10. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 30 ni ampea 7.7. Sakiti breka ya ampea 32 huona ampea 7.7 kama mzigo wa kawaida na haikati. Hitilafu huweza kuendelea wiki nzima, mita ya LUKU ikila uniti usiku na mchana, na muda wote huo bodi la mashine lina volti 153 hivi. Mama anayekuja na debe la mahindi, ana ndala zilizolowa mvua, anaegemeza mkono kwenye mashine. Nondo ipo, tena imefungwa vizuri, na bado haikumkinga.

Kinachomkinga ni kifaa ambacho mafundi wengi hukiita ELCB na ambacho kwenye boksi la dukani huandikwa RCCB au RCD. Hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ikitofautiana kwa miliampea 30, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hata nondo mbovu ya omu 200, katika mfano ule ule, ingepitisha ampea 1.1, ambayo ni zaidi ya mara 36 ya kiwango hicho. Nondo huupa umeme njia ya kupita. ELCB huuona ukipita na kuukata. Nondo bila ELCB ni kazi nusu, na ndiyo nusu inayofanywa mara nyingi kwa sababu nondo huonekana kwa macho.

Wakati wa kununua na kufunga:

- Kwa njia tatu kinatakiwa cha nguzo nne, na nyutro ipitishwe ndani yake. Ikipitishwa pembeni, kitakata kila taa inapowashwa.
- Miliampea 30 ni kwa soketi, taa na vifaa vya kushikwa mkononi kama grainda na drili.
- Kwenye mein swichi ya jengo kubwa hufungwa cha miliampea 100 au 300 chenye kuchelewa kidogo, ili hitilafu ya chumba kimoja isizime jengo zima.
- RCCB hailindi dhidi ya mzigo kupita kiasi. Sakiti breka za kawaida hubaki palepale.
- Kibonyezo cha majaribio kibonyezwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata, kifaa kibadilishwe. Kibonyezo hicho hujaribu kifaa tu na hakisemi lolote kuhusu nondo.

Nondo na udongo wake

Nondo inayouzwa kwa kazi hii ni ya chuma kilichopakwa shaba, yenye unene wa milimita 16 hivi na urefu wa mita 1.2 au 1.5. Kipande cha nondo ya ujenzi kilichobaki kwenye lenta, kikagongwa futi mbili, hupata kutu na hakifiki kwenye unyevu.

Udongo ndio huamua. Nondo ya mita 1.5 kwenye mfinyanzi wenye unyevu, kama ule wa migombani kwenye miinuko ya Tarime, huweza kupata omu 30 hadi 60. Nondo ileile kwenye mchanga mkavu wenye mawe ya granaiti, wa aina inayopatikana sehemu nyingi za wilaya ya Serengeti, huweza kufika omu 600. Kuna pia mfinyanzi mweusi wa mbuga. Wakati wa masika huo ni udongo mzuri kupita wote. Kiangazi hupasuka, huachana na nondo, na kuiacha imesimama hewani kama kijiti ndani ya chupa.

Mambo yanayosaidia, kwa mpangilio wa faida:

1. Kwenda chini zaidi. Nondo mbili zilizounganishwa kwa kiungio chake na kupigwa hadi mita 3 hupunguza ukinzani karibu kwa nusu, na hufika kwenye udongo usiokauka haraka.
2. Kuongeza nondo pembeni pale mwamba unapozuia. Umbali kati yake usipungue urefu wa nondo moja. Ukiwa mara mbili ni bora zaidi. Nondo tatu zilizosongamana kwenye shimo moja ni sawa na nondo moja yenye gharama ya tatu.
3. Kuzika waya mrefu wa shaba kwenye mtaro, pale ambapo mwamba uko nusu mita tu chini.
4. Kujazia udongo wa bentonaiti kuizunguka nondo.

Chumvi na mkaa vinapendwa sana na mafundi. Chumvi hushusha ukinzani kweli, lakini mvua huisomba na inayobaki hula chuma. Anayeitumia ajue kwamba baada ya misimu michache atakuwa na kipimo kibaya na nondo iliyooza.

Waya unaotoka kwenye nondo ukizikwa bila ganda la kuuzuia kutu uwe wa shaba wa milimita za mraba 25. Ukiwa na ganda, 16 zinatosha. Ndani ya jengo, waya wa ardhi wa kila saketi uwe sawa na wa moto hadi milimita za mraba 16. Waya wa moto ukiwa wa 25 au 35, wa ardhi uwe 16. Ukizidi hapo, nusu yake. Kwa kuwa shaba huvutia wezi, sehemu inayoonekana nje ipitishwe ndani ya bomba, na kifuniko cha kukagulia kiungio kiwe kizito.

Taa ya kujaribu haipimi nondo

Mafundi wengi hupima kwa kuunganisha balbu kati ya waya wa moto na nondo. Ikiwaka, husema ardhi iko sawa. Balbu ya kizamani ya wati 40 ina ukinzani wa omu 1,300 hivi ikiwaka. Ikiunganishwa na nondo mbovu ya omu 200, bado hupata volti 200 na kuwaka vizuri. Balbu ya LED huwaka hata kwenye nondo mbovu zaidi ya hiyo. Jaribio hilo huonyesha tu kwamba waya haujakatika, na wakati linafanywa, nondo ina umeme na aliye karibu yuko hatarini.

Kipimo cha kweli hufanywa kwa mita ya ardhi yenye vijiti viwili vya ziada:

1. Umeme uzimwe na waya wa nondo ufunguliwe kutoka kwenye bodi ya umeme. Umeme usiwashwe kabla waya huo haujarudishwa.
2. Kijiti cha mbali kipigwe mita 30 hivi kutoka kwenye nondo.
3. Kijiti cha kati kipigwe kwenye mstari huohuo, mita 18 au 19 kutoka kwenye nondo, na namba isomwe.
4. Kijiti cha kati kisogezwe mita 2 mbele, kisha mita 2 nyuma, na namba isomwe tena. Zikikaribiana, kipimo ni cha kuaminika. Zikipishana sana, kijiti cha mbali kisogezwe mbali zaidi.

Palipo na ELCB, namba isizidi omu 200, kwa sababu juu ya hapo nondo haiaminiki kiangazi. Ikishuka chini ya hapo kwa mbali ni bora zaidi. Kipimo kifanywe mwezi Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu. Kilichopimwa Aprili baada ya mvua kubwa hakisemi ukweli wa mwaka mzima.

Je, nyutro na ardhi ziunganishwe kwenye bodi ya umeme?

Kwa mteja mwenye nondo yake mwenyewe, hapana. Ndani ya bodi kuna baa mbili, ya nyutro na ya ardhi, na hakuna waya unaoziunganisha. TANESCO imekwishaziunganisha kwenye transfoma.

Sababu ni nzito. Pakiwekwa kiungo, halafu nyutro ya nguzoni ikakatika, mkondo wa majirani wote hutafuta njia kwenye nondo ya huyo aliyeunganisha, na mabodi ya mashine zake zote hupata umeme hata kama mein swichi ya njia tatu imezimwa. Pia, kiungo kikiwa upande wa mzigo wa ELCB, ELCB hukata bila sababu au hushindwa kufanya kazi yake. Baadhi ya mafundi huweka kiungo hicho kwa makusudi pale ambapo nondo ni mbovu, ili kipimo kionekane kizuri. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote yaliyomo katika makala haya.

Mgodi au hoteli yenye transfoma yake yenyewe ni jambo jingine. Huko kiungo huwekwa mahali pamoja, kwa mchoro wa mhandisi.

Jenereta na sola

Kambi nyingi za watalii kuzunguka Hifadhi ya Serengeti hutegemea jenereta na sola, na hata Mugumu mjini umeme ukikatika jenereta huwashwa. Jenereta ni chanzo kipya, na nyutro yake mara nyingi haijaunganishwa popote. Ikiachwa hivyo, ELCB haina njia ya kuona hitilafu. Nyutro ya jenereta iunganishwe na nondo mahali pamoja tu, kwenye jenereta yenyewe, na chenjiova iwe ya nguzo nne ili nyutro ya TANESCO na ya jenereta zisikutane kamwe. Chenjiova ya nguzo tatu ni nafuu dukani, lakini huacha nyutro mbili zimeungana, na umeme wa jenereta huweza kumfikia fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini kuwa waya umekufa.

Kwa inveta ya sola, maelekezo ya kiwandani ndiyo yafuatwe. Inveta nyingine zina kiungo ndani yake tayari, na kuongeza cha pili nje huharibu kazi.

Rangi za nyaya

Majengo ya zamani yana nyekundu, njano na buluu kwa nyaya za moto, na nyeusi kwa nyutro. Kebo mpya zina kahawia, nyeusi na kijivu kwa moto, na buluu kwa nyutro. Kwa hiyo buluu ilikuwa moto na sasa ni nyutro. Nyeusi ilikuwa nyutro na sasa ni moto. Jengo lililoongezwa vyumba mara mbili lina mifumo yote miwili ndani ya boksi moja. Rangi isiaminiwe, kila waya upimwe kwa mita, kisha uwekewe alama. Kijani chenye mstari wa njano ni ardhi tu, na hakitumiki kwa kazi nyingine hata kama ndicho kipande pekee kilichobaki.

Mota ikizunguka kinyume baada ya kufungwa, hubadilishwa nyaya mbili zozote za moto. Nyutro na ardhi haziguswi.

Ng'ombe, mabati na radi

Ukanda wa Ziwa Victoria una ngurumo na radi nyingi, na Wakurya wa Tarime na Serengeti ni wafugaji. Mambo hayo mawili yanakutana kwenye nondo. Umeme mwingi unaposhuka ardhini, volti huwa kubwa karibu na nondo na hupungua kwa kila hatua. Mtu husimama miguu ikiwa karibu. Ng'ombe ana zaidi ya mita moja kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo tofauti ya volti inayopita mwilini mwake, tena karibu na moyo, ni kubwa zaidi. Nondo isichimbiwe ndani ya boma la ng'ombe, wala karibu na hori la kunyweshea, wala pale wanapokusanyika chini ya mti.

Paa la mabati, fremu ya chuma ya banda la mashine na mabomba ya chuma vifungwe kwenye baa ya ardhi, ili mtu asishike vitu viwili vyenye volti tofauti. Lakini bomba la maji lisitumiwe badala ya nondo: siku likikatwa na kuunganishwa kwa bomba la plastiki, ardhi imekwisha bila mtu kujua. Kikinga radi cha kwenye bodi husaidia vifaa, ila hutegemea nondo nzuri na waya mfupi usiopindapinda.

Hoja zinazorudiwa

*Mashine imefanya kazi miaka mitano bila ardhi.* Mashine haihitaji ardhi ili izunguke. Anayeihitaji ni mtu anayeigusa.

*ELCB inakata kila mvua ikinyesha, bora iondolewe.* Inakata kwa sababu umeme unavuja mahali penye maji. Saketi zizimwe zote, ziwashwe moja moja, na ile inayoikatisha ifuatwe hadi kwenye soketi ya nje, mota iliyolowa au kiungio kilichozikwa bila boksi.

*Gharama ni kubwa.* Mwenye fedha kidogo anunue ELCB kwanza na nondo ya pili baadaye, wala asifanye kinyume chake.

Kabla ya kumlipa fundi

Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa madaraja, na si kila daraja linaruhusu njia tatu. Mteja ana haki ya kuomba kuiona leseni ya fundi. Kisha, fundi akiwa bado yupo:

- aonyeshe kipimo cha nondo kwa mita, kilichoandikwa kwa omu na tarehe;
- abonyeze kibonyezo cha ELCB mbele ya mteja;
- afungue bodi na kuonyesha baa ya nyutro na baa ya ardhi zikiwa mbali bila kiungo;
- apime volti kati ya kila njia na nyutro, zote tatu zikaribiane na 230;
- aandike kwenye mlango wa bodi ni saketi zipi ziko kwenye njia ipi.

Kazi hiyo haichukui hata saa nzima. Fundi asiyekubali kuifanya asilipwe salio, na mashine isiwashwe mpaka apatikane wa kuifanya.